Sakafu ya Wageni wa Becky

Jumamosi, 11 Machi 2006

Mbao zimeingia, viti vimetoka. Makochi yangu yamesimamishwa wima kwenye korido, meza ya kahawa iko chumbani kwa Becky, na televisheni imehamia jikoni juu ya friji. Katikati ya sebule kuna rundo la mbao linalonifika kifuani.

Ni mbao za muiri. Mti wenyewe ulikuwa wa baba mkwe kule shambani Kabete. Upepo uliuangusha mwaka ule ule aliofariki, na mume wangu Ephantus akaupasua mbao, akazifungia bandani. Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia, Baba Becky, hizo mbao zitaliwa na mchwa. Alijifanya hasikii. Sasa binti yetu amepata mtu, watu wa huyo mtu wanataka kuja kujitambulisha tuanze mambo ya ruracio, yaani mahari, na ghafla mume wangu amekumbuka mbao. Anasema wageni wa Becky hawatakanyaga simiti nyekundu iliyopasuka. Mimi hiyo simiti nimeilalamikia tangu tuhamie hapa Dagoretti Corner, kwa hiyo sikubishana.

Fundi anaitwa Dalmas. Mtu wa Busia, mdomo mrefu, kofia haivui hata ndani ya nyumba. Nilidhani ataanza kupigilia leo. Akanicheka. "Mama, hii mbao imetoka shamba, haijui nyumba yako. Wacha ikae na nyinyi kwanza." Ametandika nailoni chini, akazipanga akiweka vijiti katikati ili hewa ipite. Ati mbao hunywa unyevu wa hewani. Ukiipiga ikiwa imeshiba maji, jua likija inanywea na sakafu inafunguka mianya. Ukiipiga ikiwa kavu kupita kiasi, mvua inaivimbisha na sakafu inainuka katikati ya nyumba. Hata ukutani ataacha nafasi ya kidole, afunike na ubao mwembamba, ili mbao ikitaka kutanuka iwe na pa kwenda. Ana kimashine chenye meno mawili, anakidunga kwenye ubao na mshale unakimbia. Leo ulikimbia hadi kwenye nyekundu. Ukitulia kwenye kijani ndipo atapiga.

Akatuachia sheria zake. Jua likiwaka, madirisha wazi. Mvua ikinyesha, madirisha yafungwe na turubai lifunikwe juu. "Hiyo tu. Mkifanya hivyo mtaniona hapa na nyundo kabla mjue."

Wageni wanakuja Jumamosi ya Pasaka. Muda upo.

Jumatatu, 13 Machi

Nimegonga goti kwenye mbao. Ephantus akasema pole bila kuinua macho kutoka kwa gazeti. Tangu astaafu benki amekuwa mtu wa gazeti na chai.

Jumapili, 19 Machi

Maxwell alikuja baada ya kanisa, tukamlisha jikoni kama mpangaji. Maxwell Sifuna, mpima ardhi, kwao Bungoma, kijana mrefu anayekunja miguu chini ya kiti asimkanyage mtu. Amepata kandarasi Juba, barabara zinajengwa huko, na anatakiwa kuripoti mwisho wa Juni. Wanataka wawe wameoana kabla ya hapo, waende pamoja. Becky alieleza hayo yote akiwa amemshika mkono mezani mbele ya baba yake. Nikatazama sufuria.

Sitajidanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe. Nilitamani mtu wa karibu, Kiambu, au hata Nyeri kama ni lazima. Dada zangu wamenichokoza vya kutosha: Wamucii, utajifunza kupika kuku wa Waluhya uzeeni. Lakini kijana ana heshima, na Becky amepita thelathini, na akimtazama huyu kijana uso wake unalainika.

Baada ya chakula Maxwell alienda kuziona mbao. Akazipapasa, akasema ni nzuri. Ephantus akasimama kando yake.

"Wazee wako ni watu wazito?" akamuuliza.

Maxwell alidhani ni mzaha. "Baba, wanakula vizuri."

"Nauliza kwa sababu ya sakafu," Ephantus akasema. Hakuwa anacheka.

Alhamisi, 30 Machi

Mvua imefika. Dukani kwangu Ngara, pa sare za shule, hakukuwa na mteja ila wa kujikinga mvua.

Jumamosi, 8 Aprili

Dalmas amekuja na kimashine chake. Nyekundu. Ati ni mbaya kuliko siku ile ya kwanza. Akadunga ubao wa juu, wa katikati, wa chini, akatukana kwa lugha yao. "Mama, mnafunga madirisha?" Tunafunga. Mimi niko dukani kutwa, lakini Mzee wangu yuko hapa, na Mercyline, msichana wetu wa kazi, yuko hapa.

Bila kijani hapigi. Nilimwambia wageni wanakuja juma lijalo, akaniambia wageni wangu hawatamrudishia jina lake sakafu ikiinuka.

Tukakaa jikoni. Becky akasema, "Dad, waje tu. Watakaa kwa simiti, hakuna mtu atakufa."

"Mzee wa watu atoke Bungoma aje azungukwe na mbao kama yuko karakana? Hiyo aibu mimi siwezi. Waambie wangoje. Mvua ikiisha."

Nilimuunga mkono. Niliona ni mwanaume anayejali jina la nyumba yake, na nilimpenda kidogo kwa hilo. Becky akaenda nje kumpigia Maxwell, akasimama chini ya paa la gereji muda mrefu.

Jumamosi, 15 Aprili

Leo wangekuwa hapa. Kuku tuliyewanunulia tumemla sisi wenyewe, jikoni, televisheni ikipiga kelele juu ya vichwa vyetu.

Ijumaa, 21 Aprili

Siku mbaya. Niandike yote.

Dalmas alikuja jioni nikiwa nimetoka dukani. Hakuhitaji hata kimashine. Alipitisha kiganja juu ya mbao, akanionyesha kikiwa kimelowa. "Hii si hewa," akasema. "Haya ni maji. Ndani ya nyumba hii kuna mtu anamwaga maji."

Mimi nilijua ni nani. Mercyline ana ugonjwa wa maji. Amekaa nasi tangu atoke kwao Vihiga, na asubuhi yoyote ukiamka utamkuta amekunja sketi, ndoo tatu zimejaa, anapiga deki mpaka miguu ya viti inaelea. Nimemkemea mara ngapi. Nikamwita.

"Mercyline, umekuwa ukimwaga maji sebuleni?"

"Hapana, Mama. Tangu mbao ikuje napanguza na kitambaa tu. Nakamua hadi inakauka."

"Basi maji yametoka wapi?"

Akatazama mlango, akatazama miguu yake. "Mama, si mimi. Ni Mzee hufungua dirisha mvua ikikuja. Mimi nikifunga, yeye anafungua. Ameniambia nisiguse."

Damu ilinipanda kichwani. Msichana niliyemfunza hata kukaanga yai, ananisimamia jikoni kwangu anamsingizia mwenye nyumba, tena mbele ya fundi. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia apange vitu vyake, kesho asubuhi aende.

Ephantus alikuwa amesimama mlangoni wakati huo wote. Alisikia kila neno. Nilimgeukia nikitegemea akasirike, na yeye akasema tu, polepole, "Usimfukuze na mvua hii, Mama Becky. Ngoja mvua iishe."

Nikaona huo ni moyo mwema. Nikamwambia yeye ndiye huwadekeza.

Jumamosi, 22 Aprili

Mercyline ameondoka na begi na mwavuli wa Becky. Becky alimsindikiza hadi steji. Aliporudi alipita kando yangu kwenye korido, kati ya makochi yaliyosimama, na kupita pale bila kumgusa mtu ni kazi. Aliweza.

Jumatano, 26 Aprili

Nimepanguza sakafu mwenyewe kwa magoti. Kitambaa kikavu. Mgongo umekwisha.

Jumanne, 2 Mei

Mbao bado mbichi na Mercyline hayupo. Dalmas sasa anasema tatizo liko chini, labda bomba limepasuka chini ya simiti na unyevu unapanda. Akatoboa pembe ya sebule, shimo la kuingia sufuria. Udongo mkavu. Akakaa chini kando ya shimo lake akilitazama.

Ephantus akamletea chai. Mwenyewe, kwa trei, na mkate umepakwa siagi. Mume wangu huyu, ambaye alimwacha fundi wa paa ashinde hapa juma zima akinywa maji ya bomba. Nilimtania kwamba uzee unamfundisha adabu. Akatabasamu.

Tumepanga tena. Tarehe sita, Jumamosi, mbao ziwepo zisiwepo. Nimesema mimi. Tutakodi hema tuliweke uani. Ephantus akasema sawa.

Ijumaa, 5 Mei

Hema halikuja. Ephantus alipaswa kupeleka oda, anasema alisahau. Jioni akampigia Maxwell mwenyewe, kwa sauti nzuri kabisa, akamwambia nyumba haijawa tayari na uani ni matope matupu, kwamba anawaheshimu wazee mno kuwaketisha kwenye matope. Mvua ikiisha.

Wazee walikuwa wameshafika Nairobi. Walipanda basi jana kutoka Bungoma.

Jumamosi, 6 Mei

Nilikimbilia dukani. Sikutaka kukaa ile nyumba na Becky aliyejifungia.

Kabla ya saa sita waliingia watu watatu, Maxwell, mama mmoja wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani, na mzee mwenye koti la suti na viatu vilivyong'arishwa. Maxwell anaishi hapa hapa Ngara, ghorofa ya nyuma ya soko. Mzee ni ndugu mkubwa wa babake, ndiye alikuwa aseme kwa niaba yao leo. Nilikuwa nimepanda ngazi natafuta sweta ya saizi kubwa, na kila mtu akaniona soli.

"Mama, tumeona tusirudi nyumbani bila kukusalimia," mzee akasema.

Nikashuka. Nikampa mkono. Nikatafuta kiti nikampa kile cha kupimia watoto viatu, kidogo, magoti yakamfika kidevuni. Yule mama akakataa kiti, akasimama akishika kona ya blauzi ya shule iliyokuwa kwenye hanga, akainyoosha kama ni ya kwake.

"Na mbao inaendeleaje?" mzee akauliza.

Hakuwa ananicheka. Aliuliza kama unavyouliza hali ya mgonjwa wa jirani. Nikaanza kumweleza habari za unyevu, mshale, kijani, nyekundu, na kadiri nilivyoeleza nilijisikia kama ninadanganya, ingawa nilikuwa nasema ukweli wote ninaoujua. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sisi tungekaa hata kwa hiyo mbao," akasema. "Tungeiketia."

Kisha akainuka, akanipa mkono tena. Maxwell akamfungulia mlango. Walipoondoka nilikuta wameacha mfuko kaunta: mkate wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu, mzima, ananitazama.

Nilimleta kuku nyumbani. Ephantus akauliza ametoka wapi. Nikasema sokoni. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumapili, 14 Mei

Becky anakula chumbani. Kanisani ameketi kiti cha nyuma.

Jumamosi, 20 Mei

Mvua imepungua. Wiki nzima jua, na madirisha wazi, na nimekuwa na tumaini la kijinga. Dalmas akadunga. Mshale umesogea kidogo, lakini ni nyekundu. Alivua kofia. Ana upara, kumbe.

"Mama, mimi nimefanya Lavington, nimefanya Karen, nimepiga sakafu nyumba iko mtoni kabisa. Hii sijaona. Labda mtafute mtu mwingine."

Ephantus akamsihi asiende. Alimsihi kweli, akamshika bega. "Wewe ndiye fundi wangu. Hatuna haraka. Fanya mambo yako polepole."

Nikauliza nani hana haraka. Kijana anaondoka mwisho wa mwezi ujao. Tumewaita kwa mara ya tatu, tarehe tatu Juni, na mara hii mzee wa Bungoma amesema atakuja tukimpigia siku yenyewe asubuhi, si mapema. Amejifunza.

"Mvua ikiisha, Mama Becky," Ephantus akasema, na nje jua lilikuwa linachoma.

Naandika hilo kwa sababu limenikaa.

Jumanne, 30 Mei

Mvua ilianza asubuhi kama imesahau kitu na imerudi kukichukua. Maji ya mtaro yakaingia dukani. Tukapandisha sare za shule rafu za juu, nikafunga duka mchana. Nyumbani mimi huwa sionekani kabla ya jioni.

Kutoka getini niliona mapazia ya sebule yananing'inia nje ya dirisha, yamelowa. Nikafikiri ni wezi. Nikazunguka nikaingia kwa mlango wa jikoni, mwavuli nimeushika kama rungu.

Madirisha yote yalikuwa wazi. Hayakusahauliwa. Yalikuwa yamefunguliwa hadi mwisho na kuzuiliwa na vijiti vya Dalmas ili upepo usiyafunge. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kwa mkunjo ule ule anaokunjia shuka tangu nimjue. Upepo ulikuwa unaisukuma mvua ndani mpaka juu ya mbao, inatiririka kati ya vijiti. Na Ephantus alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, blanketi magotini, kikombe cha chai mkononi, anaitazama.

"Baba Becky, unafanya nini?"

"Umerudi mapema," akasema.

"Nimekuuliza unafanya nini."

"Nataka hewa."

Nilienda nikafunga madirisha, moja baada ya jingine, nikalowa hadi chupi. Hakunisaidia na hakunizuia. Nilipomaliza, nyumba ikanyamaza, na nikasikia mbao zinadondosha maji kwenye nailoni.

"Tangu lini?"

Akanywa chai. "Tangu mvua ianze."

"Mercyline aliniambia. Ulisimama pale mlangoni."

"Nilikwambia usimfukuze."

Nilikaa juu ya mbao. Nilikuwa nimechoka ghafla. Nikamuuliza ana nini na huyu kijana, amemkosea nini. Akasema hajamkosea. Kijana ni mzuri. Akasema, "Ni mmoja tu tuliye naye, Wamucii. Mmoja. Baba yangu alipanda huu mti akijua utakanyagwa na watoto wake. Sasa niulaze chini ukanyagwe na watu ambao nikiwasikia wakiongea hata sijui wananisema nini, halafu wachukue mtoto waende naye Bungoma, waende naye Juba, mimi nibaki nikifagia?"

"Ungesema hapana."

"Ningesema hapana, ningekuwa mtu mbaya."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu wa benki anayekueleza kwa nini fomu yako imerudishwa. Alidhani watachoka. Vijana huchoka, akasema. Kijana angeenda Juba, simu zingepungua, na hakuna ambaye angekuwa amemkatalia mtu. Ingekuwa mvua tu.

Na mimi ninayeandika haya nilikuwa wapi? Nilikuwa nagonga magoti kwenye mbao na kumsifu kwa kujali wageni. Na siku ile ya Pasaka walipokosa kuja nilihisi kitu kikilegea kifuani, nikakiita uchovu. Hakikuwa uchovu. Dada zangu wangenyamaza mwezi mmoja zaidi, hicho ndicho kilikuwa.

Nimemchukia leo. Nimemchukia kwa chai yake na blanketi lake. Lakini nimefungua madirisha ya moyo wangu pia na ndani si kukavu.

Jumatano, 31 Mei

Nilimngoja Becky nje ya ofisi yao mjini. Tukaingia mkahawa mmoja wa chini, akaagiza chai tupu. Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilibeba hata leso.

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Mum, mimi nilijua tangu Pasaka."

Sikuelewa.

"Mercyline aliniambia. Halafu nikakuja nyumbani siku moja lunchi, nikamwona mwenyewe. Nikarudi kazini."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja wewe uone. Mercyline alikuambia kwa uso. Ukamfukuza." Hakupandisha sauti. "Nikasema, wacha ningoje tena. Pengine Mum ataona. Nikangoja mpaka ile siku wazee walikuja kwa duka yako. Mzee aliniambia ulimweleza vizuri sana mambo ya mbao."

Nikamwambia sasa nimeona. Nikamwambia waje Jumamosi, nitawapokea mimi, kwenye simiti, kwenye matope, baba yake apende asipende.

"Mum, ruracio haipokewi na mama peke yake. Unajua hivyo. Hata Dad anajua. Ndiyo maana alikuwa hana haraka."

Akalipia chai yangu kabla sijafungua mkoba.

Alhamisi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Becky amehama na masanduku mawili. Baba yake alikuwa jikoni anatazama gwaride kwenye televisheni.

Jumatatu, 5 Juni

Jumamosi ilipita, mzee wa Bungoma hakupigiwa. Nimemwita Dalmas afunge madirisha ya sebule kwa kufuli ndogo. Akashangaa. Nikamwambia ni wezi. Funguo ziko kwenye sidiria yangu. Asubuhi jua likitoka nafungua, nikienda kazini nafunga. Hatuongei, mimi na Ephantus. Tunapitishiana chumvi.

Ijumaa, 16 Juni

Becky alinipigia dukani mchana. "Mum, tumefunga ndoa leo asubuhi. Kwa AG, mbele ya msajili. Nilitaka usikie kwangu."

Niliacha duka wazi. Kutoka mlangoni kwangu hadi ghorofa ya Maxwell ni kuvuka soko tu. Miezi yote hii walikuwa karibu hivyo na sikuwahi kupanda ngazi zile.

Mlango ulifunguliwa na Mercyline. Amevaa rinda jipya la bluu, ua limebandikwa kifuani. "Karibu, Mama," akasema, kama ninavyomjua, akachukua mwavuli wangu akautundika. Kumbe siku ile ya begi Becky hakumsindikiza kwenda Vihiga. Alimleta hapa, kwa jirani wa Maxwell aliyekuwa akitafuta msichana wa kazi.

Ndani palikuwa na watu wachache, wenzao wa kazini, soda, keki ya dukani. Chini ni simiti na zulia dogo lililokwisha manyoya. Niliketi. Maxwell alikuja akaniinamia kunisalimia kwa mikono miwili. Nikamuuliza Becky, kwa ajili ya kusema kitu, nani alisimama upande wake kutia sahihi.

"Mercyline," akasema.

Mercyline alikuwa ananimiminia chai. Nilitaka kumwambia pole. Nililishika lile neno mdomoni, na watu wakawa wananitazama, na nikamwambia chai ni tamu. "Asante, Mama," akasema. Akaenda kwa mgeni mwingine.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Ephantus. Aliuliza kama kulikuwa na mtu mzima wa upande wetu. Nikasema alikuwepo. Hakuuliza nani.

Jumatano, 28 Juni

Maxwell ameondoka leo. Becky atamfuata mwezi wa nane akimaliza notisi kazini.

Jumamosi, 1 Julai

Kijani. Dalmas alidunga kila ubao akicheka peke yake. Wiki chache tu za madirisha kufungwa na zimekauka, tulivu, rangi ya asali. "Niliwaambia," akasema. "Mbao nzuri haina haraka. Inataka tu fundi mwenye subira." Ephantus akaitikia kwa kichwa. Sikumharibia Dalmas siku yake.

Jumatatu, 10 Julai

Nyundo kutwa. Unga wa mbao hadi kwenye ugali.

Jumapili, 16 Julai

Imekwisha. Imepigwa msasa, imepakwa vanishi mara tatu, nafasi ya kidole imeachwa kuzunguka kuta na kufunikwa vizuri. Hakuna ubao uliolia. Lazima niseme ukweli: ni sakafu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na nimeingia nyumba za Lavington kupeleka sare. Makochi yamerudi. Televisheni imerudi. Ephantus anatembea na soksi.

Baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye kochi lake, akaitazama huku na huku. Amekonda. Alifungua mdomo akaufunga, kisha akasema, kwa Kiswahili cha heshima ambacho huwa anawawekea wageni, "Mama Becky, mpigie mtoto. Mwambie sasa nyumba iko tayari. Huyo mzee wa Bungoma aje. Waje wote. Hata kama walishaenda kwa AG, mambo ya nyumbani bado ni mambo ya nyumbani. Nitawapokea."

Nilimtazama vizuri. Alikuwa anamaanisha. Hilo ndilo linaniumiza nikiandika, kwamba alimaanisha.

Nikapiga. Becky alishika mara moja. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nyuma yake nilisikia Mercyline akiimba, na sufuria.

"Dad yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie nimeshukuru. Mwambie tutakuja mvua ikiisha."

Nikashusha simu. Ephantus alikuwa amenyoosha shingo.

"Amesema nini?"

"Amesema watakuja mvua ikiisha."

Aligeuka akatazama dirishani. Hakujanyesha wiki nzima, uani vumbi tupu, nguo zimekauka kwenye kamba. Alitazama muda mrefu. Kisha akainuka na soksi zake, akaenda akafunga dirisha, akarudi akaketi.